Baisikeli Wakati wa Mvua

Katika nchi za baridi wako watu waendao kwa baisikeli juu ya theluji. Kwetu Mwanza, kando ya Ziwa, theluji haiko, lakini tunaye ndugu yake, nao ni udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi huwa mgumu, wenye nyufa. Mvua za Novemba zikianza, hunata kama ulimbo. Hushika mpira, hujaa chini ya madigadi, na gurudumu husimama ghafula. Theluji nayo hufanya vivyo hivyo.

Siku moja tulimpakia mgonjwa, tukakata njia mbugani ili tuwahi. Tulifika jioni, mmoja wetu amembeba mgonjwa mgongoni, mwingine amebeba baisikeli begani! Tangu hapo twazunguka juu, penye udongo wa mchanga, ijapokuwa ni mbali.

Penye utelezi twapunguza upepo kidogo, mpira upate kukanyaga kwa upana. Wapandao thelujini hufanya hayo pia. Breki zikilowa hazishiki upesi, basi mteremko uuanze polepole. Ukifika nyumbani, toa tope kwa kijiti kabla halijakauka, ufute mnyororo, kisha uutie mafuta.