Kwa nini picha ya usiku inatoka chenga (na simu inakupaka mkorogo)

Leo siasa naiweka pembeni kidogo. Kuna swali naulizwa sana hapa kafe na watu wanaokuja kuhamisha picha zao: "Simu yangu ina megapikseli kibao, mchana picha zinatoka safi, lakini ukumbini usiku sura zote nyeusi tii, zimejaa chenga kama TV ya chogo isiyo na antena. Nimeuziwa feki nini?"

Jibu fupi: siyo lazima iwe feki. Jibu refu ndo hili hapa, na lina faida mfukoni, maana watu wanatoa hela nyingi kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye boksi, wakati namba hiyo peke yake haisemi chochote kuhusu usiku. Msiogope, fizikia ya kidato cha nne inatosha kabisa.

MWANGA NI KAMA MVUA

Nyuma ya lenzi kuna kipande kidogo kinaitwa sensa. Kimegawanywa vijumba mamilioni, ndo hizo pikseli. Kazi ya kila pikseli ni kukinga mwanga na kuugeuza umeme.

Sasa fikiria umepanga ndoo uani, mvua inanyesha. Ikiwa mvua kubwa, ndoo zote zinapata maji karibu sawa. Lakini yakiwa manyunyu ya dakika moja, ndoo hii itapata matone 7 na ya pembeni yake 13, ingawa mvua ni ileile. Ni bahati tu.

Mwanga nao unakuja kwa matone, yanaitwa fotoni. Kiasi cha kuyumba kwake ni kipeuo cha pili cha idadi yake. Pikseli ikipokea fotoni 10,000 inayumba kama 100, yaani asilimia 1, jicho halioni. Ikipokea fotoni 100 tu inayumba kama 10, yaani asilimia 10. Hapo sasa pikseli mbili zilizotakiwa kufanana, moja inatoka nyeusi zaidi na nyingine nyeupe zaidi. Hizo ndo chenga. Zinatokea hata sensa iwe bora namna gani. Sensa mbovu inaongeza za kwake juu ya hizo.

Tuje kwetu. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo kuliko shela la bibi harusi. Kwa hiyo ukumbini shela linatoka vizuri, keki inatoka vizuri, ila uso wa bibi harusi ndo unakuwa wa kwanza kuliwa na chenga. Mtu anaolewa siku moja, halafu kwenye picha haonekani! Ndo maana naona hili jambo siyo la mafundi peke yao.

RANGI INAKULA MWANGA

Kitu ambacho wengi hatujui: sensa yenyewe haijui rangi. Inajua mwanga mwingi na mwanga kidogo, basi. Aliyeleta ufumbuzi unaotumika hadi leo ni Bryce Bayer, mtafiti wa kampuni ya Kodak ya Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1976. Aliweka kichujio cha rangi moja juu ya kila pikseli: nusu ya pikseli kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani ni nyingi kwa sababu jicho la binadamu linategemea zaidi sehemu hiyo kuona undani wa kitu. Pikseli yenye kichujio chekundu inapima nyekundu tu. Kijani na bluu za hapo, programu inakisia kwa kuangalia majirani.

Ni akili kubwa, lakini ina gharama. Kila kichujio kinatupa karibu theluthi mbili ya mwanga uliofika. Mchana hakuna neno, mwanga upo wa kumwaga. Usiku ni sawa na mtu mwenye mshahara mdogo kukatwa theluthi mbili.

Hata jicho letu linashindwa hapo. Lina seli karibu milioni 6 za kuona rangi, zinazotaka mwanga mwingi, na karibu milioni 120 za kuona gizani, ambazo hazijui rangi kabisa. Ukiwa kijijini hakuna umeme wala mwezi, khanga nyekundu na ya kijani zote unaziona za kijivu. Sisi tunaitaka simu ifanye kitu ambacho jicho lenyewe haliwezi.

MBINU ZA WATAALAMU

Mwaka 2007 Kodak hao hao walitangaza mpangilio mpya: baadhi ya pikseli ziachwe wazi, bila kichujio, zikinge mwanga wote, na zilizobaki zishughulikie rangi. Ni kama jicho lilivyo. Walisema sensa itahisi mwanga mara 2 hadi 4 zaidi. Tatizo ni kwamba pikseli za rangi zinapungua, kwa hiyo kukisia kunaongezeka.

Mwaka 2009 Sony walianza kuuza kamera zenye sensa iliyogeuzwa. Kwenye sensa za zamani nyaya zilikaa mbele, mwanga ukawa unapita katikati yake kama mtu anayechungulia kwenye wavu. Wao wakazihamishia nyuma, na uwezo wa kuhisi mwanga ukaongezeka karibu mara mbili. Siku hizi simu nyingi zinatumia mtindo huo.

Mwaka 2019 Huawei kwenye P30 Pro waliondoa kijani wakaweka njano, kwa sababu kichujio cha njano kinapitisha nyekundu na kijani kwa pamoja. Walidai mwanga unaongezeka asilimia 40. Hapo tena programu inabebeshwa mzigo wa kutafuta kijani kiko wapi.

Njia nyingine ni ya hesabu tupu. Google walileta Night Sight mwaka 2018: simu inapiga picha nyingi mfululizo, inazipanga moja juu ya nyingine, inachukua wastani. Ukipiga 9, chenga zinapungua mara 3 (kipeuo cha pili tena!). Inafaa kwa mtu aliyetulia. Watu wakianza kucheza, hesabu inavurugika.

MEGAPIKSELI JE?

Sensa ikiwa na ukubwa uleule, ukiongeza pikseli kila moja inakuwa ndogo. Umebadilisha ndoo kwa vikombe, uani ni palepale. Kampuni zinalijua hilo. Sensa ya Sony ya megapikseli 48 iliyotangazwa mwaka 2018 inaunganisha pikseli 4 kuwa moja gizani, kwa hiyo picha ya usiku unapata megapikseli 12. Ukienda dukani usiulize megapikseli tu. Ulizia ukubwa wa sensa na uwazi wa lenzi (f/1.8 inaingiza mwanga mwingi kuliko f/2.4), halafu omba kujaribu kwenye kona yenye giza.

SASA HUO MKOROGO

Mwanga ukiwa kidogo programu inakisia zaidi, na inakisia kulingana na ilivyofundishwa. Ikifundishwa kwa sura nyeupe nyingi, yako itakisiwa vibaya: ama inapauka, ama inakuwa kijivu. Hili ni la zamani. Enzi za filamu maabara zilipimia rangi kadi ya mwanamke mzungu, wakaiita Shirley. Google walianza kulishughulikia waziwazi kwa Pixel 6 mwaka 2021. Simu nyingine ndo kwanza zinakuja na kitufe cha "urembo" kimeshawashwa. Unapiga picha unatoka mweupe kama umepakwa mkorogo bila ridhaa yako!

UFANYEJE LEO

1. Zima hicho kitufe cha urembo.
2. Mwambie mtu ageukie taa, taa isiwe mgongoni kwake.
3. Futa lenzi. Mafuta ya vidole yanatawanya mwanga.
4. Egemeza simu ukutani au mezani, mtu atulie sekunde mbili.
5. Usivute picha, sogea wewe.
6. Gusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga, simu ipimie mwanga pale. Shela likiungua kidogo poa tu, tumekuja kumuona bibi harusi.

Wapiga picha wa harusi mliomo humu, nyie ukumbini mnatumia mbinu gani kwa ngozi zetu? Mwageni ujuzi hapo chini. Na wewe mwenye simu uliyedhani ni feki, jaribu namba 2 na namba 6 leo usiku, halafu uje utuambie.