Dawa Kiasi Gani Imo Kwenye Damu Yako?

Hebu fikiria umelazwa hospitalini. Bakteria wameingia kwenye damu, na daktari ameandika sindano za gentamaisini. Dawa hii huua bakteria kwelikweli. Lakini ikijirundika mwilini inaweza kuumiza figo na kuua seli za sikio la ndani, na usikivu ukipotea hivyo haurudi tena. Ikiwa kidogo mno nayo, bakteria wanabaki wakizaana.

Kwa nini wasimpe kila mtu dozi moja, basi yakaisha? Kwa sababu dawa hii hutolewa mwilini na figo, na figo za watu hazina kasi moja. Ndiyo maana damu hupimwa.

Inapimwaje?

Kwa njia moja, maabara hutenga majimaji ya damu, kisha huongeza vitu viwili. Cha kwanza ni kingamwili zinazoikamata gentamaisini. Cha pili ni gentamaisini iliyounganishwa na rangi ya fluoresini. Rangi hiyo ukiimulika kwa mwanga wa buluu, inang'aa kijani.

Sasa chukulia kingamwili ni viti vya daladala, na viti ni vichache. Abiria wanaogombania ni wa aina mbili: dawa iliyomo kwenye damu yako, na ile yenye rangi. Dawa yako ikiwa nyingi, inajaza viti, na wenye rangi wengi wanabaki nje.

Mashine itajuaje nani kabaki nje? Inamulika kwa mwanga ambao mawimbi yake yanatikisika upande mmoja tu, kama kamba unayoitikisa juu na chini. Dawa yenye rangi iliyokosa kiti ni nyepesi, inazunguka mbio kama pia, hivyo mwanga wake unatoka ukitikisika pande zote. Iliyopata kiti imeshikwa na kingamwili yenye uzito zaidi ya mara 100. Inazunguka polepole, na mwanga wake unabaki zaidi upande uleule. Kwa hiyo mwanga ukivurugika sana, jua dawa ni nyingi kwenye damu.

Mashine za namna hii zilienea hospitalini miaka ya 1980. Kwa anayechomwa mara moja kwa siku, kwa kawaida hutakiwa dawa iwe imeshuka chini ya miligramu 1 kwa lita kabla ya sindano inayofuata.

Na wewe je?

Namba bila saa haina maana. Damu iliyotolewa nusu saa baada ya sindano itaonyesha dawa nyingi, hata kama mambo ni shwari. Basi kumbuka ulichomwa saa ngapi, na umwambie anayekutoa damu.

Si kila hospitali ina mashine hii. Kwa hiyo masikio yakivuma, ukiona kizunguzungu au mkojo ukipungua, mwambie nesi au daktari palepale. Usikatize dozi mwenyewe, lakini usikae kimya pia. Hakuna anayesikia mvumo wa masikio yako ila wewe!