Stesheni Iliyokuwa Juu ya Nguzo

Bila shaka umewahi kuona au kusikia habari za stesheni ya reli. Kwa kawaida stesheni hujengwa chini, ardhini. Lakini katika mji wa Liverpool, nchini Uingereza, ilikuwako stesheni iliyojengwa juu ya nguzo za chuma. Abiria walipanda ngazi kuifikia. Iliitwa Pier Head. Leo haipo tena.

Liverpool ni mji wa bandari. Zamani barabara iliyopita kando ya magati yake ilijaa mikokoteni ya farasi, mizigo na watu. Kupita ilikuwa taabu. Basi wenye mji wakaona hivi: kama chini hakuna nafasi, reli na ipite juu. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1893. Ilikuwa karibu meta 5 juu ya barabara. Treni zake ziliendeshwa kwa umeme. Duniani kote hapakuwa bado na reli ya juu iliyotumia umeme.

Pier Head ilikuwa karibu na vivuko vya Mto Mersey. Mtu alishuka kwenye kivuko, akapanda ngazi, akaingia katika treni kwenda kazini. Akikaa dirishani aliziona meli zote zilizotia nanga magatini.

Makuli waliipenda reli hiyo hata wasipokuwa na nauli. Liverpool kuna mvua nyingi, nayo reli ilikuwa na sakafu ya chuma. Walitembea chini yake wasilowe. Wakaiita "mwavuli wa makuli". Jina zuri kweli!

Mwaka 1941, wakati wa vita, ndege za Wajerumani ziliipiga mabomu. Ikatengenezwa, treni zikaendelea kupita. Kilichoimaliza ni kutu.

Wewe unajua jinsi kutu inavyokula bati au jembe. Sasa fikiri: chini ya reli hiyo yalipita magari moshi ya mizigo ya bandari. Moshi na mvuke wake ulipanda na kupiga sakafu ya chuma. Moshi wa makaa ukichanganyika na maji hula chuma upesi. Chuma kikaliwa miaka mingi.

Mwaka 1955 wataalamu walipima, wakasema matengenezo yatahitaji pauni milioni 2. Serikali ilikuwa imetaifisha reli za nchi mwaka 1948, lakini hii iliachwa mikononi mwa kampuni yake. Kampuni haikuwa na fedha hizo. Iliomba msaada kwa halmashauri ya mji na kwa wakuu wa bandari. Haikupata.

Usiku wa tarehe 30 Desemba 1956 treni za mwisho zilipita zikiwa zimejaa watu. Mwaka 1957 ubomoaji ulianza. Nguzo zikakatwa, na Pier Head ikaondoka pamoja na stesheni nyingine za juu. Wafanyakazi wakabaki na mabasi, katika barabara ile ile yenye msongamano.

Behewa moja limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Liverpool. Na huko Wapping, karibu na magati, mabaki ya nguzo chache bado yanaonekana ukutani.