Je, Wajua? Kutu Ndiyo Kinga ya Mtutu

Je, wajua ya kuwa ule weusi wenye kuelekea buluu, ulioziletea sifa bunduki za marisau za kuwindia zilizoundwa London na Birmingham, asili yake ni kutu yenyewe? Fundi, akiisha kuung'arisha mtutu kwa msasa laini na kuuondolea kila dalili ya mafuta, huupaka dawa yenye asidi, akauacha mahali penye unyevu hata ukashika kutu nyekundu. Kisha huuchemsha katika maji safi, na hapo kutu ile ilayo chuma hugeuka kuwa kutu nyeusi isiyokila, iliyoshikamana nacho. Huusugua, akairudia amali hiyo mara kadhaa, kwa muda wa siku nyingi.

Zama hizi viwanda vingi hutumbukiza mitutu katika maji ya sodakostiki na chumvi za naitreti, yenye moto wa kadiri ya nyuzi 140, kazi isiyotimiza saa. Njia hii haifai mitutu miwili iliyoungwa kwa lehemu, kwani sodakostiki huila lehemu hiyo. Tena, ili kupunguza gharama ya kung'arisha, chuma hupulizwa punje ndogo kwa upepo mkali, kikabaki hakina mng'ao. Kweli, hakimeti machoni mwa ndege. Lakini vijishimo vyake huhifadhi umande na chumvi ya jasho, na kutu haikawii. Ewe mwindaji, usilale kabla ya kuufuta mtutu wako kwa kitambaa chenye mafuta.