Tumbo linapouma kila shule zikifunguliwa

Mwaka jana binti ya jirani yangu alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Kila muhula ulipokaribia kuanza, aliugua tumbo. Mara ya kwanza mama yake alimkimbiza zahanati akapimwa malaria na homa ya matumbo. Hakupatikana na ugonjwa wowote. Muhula uliofuata mambo yakawa yale yale: hakulala usiku kucha, asubuhi akatapika chai, na sanduku likabaki mlangoni. Mara ya tatu mama alipandwa na hasira.

"Unajifanya! Karo nimelipa, na utaenda hata kwa kutambaa!"

Alienda. Baada ya wiki mbili mama akapigiwa simu aende kumchukua. Msichana alikuwa ameshindwa kupumua katikati ya mtihani, akadhani anakufa.

Mama huyo si mkatili. Wazazi wengi tungesema kama yeye, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini msichana hakuwa akijifanya. Tumbo lilimuuma kweli.

Mwili hujihami

Mtu anapohisi hatari, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni iitwayo adrenalini katika damu. Moyo hudunda kwa kasi, pumzi huwa fupi, na damu huliacha tumbo ikakimbilia misuli. Ukikutana na nyoka shambani, hayo ndiyo hukuwezesha kutoka mbio. Shida ni kwamba kijana mwenye wasiwasi hushikwa na hali hiyo hata pasipo na nyoka, labda mbele ya karatasi ya hisabati au mbele ya wenzake wanaomcheka.

Wasiwasi kidogo kabla ya KCSE si ugonjwa. Lakini ukidumu kwa wiki nyingi na kumzuia kijana kula, kulala, kusoma au kukaa na wenzake, hapo mzazi asipuuze. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wasiwasi ni miongoni mwa matatizo yanayowasumbua zaidi.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, sikiliza. Usimketishe sebuleni kama mshtakiwa. Zungumza naye mkimenya viazi au mkichambua mboga, kwani vijana wengi hufunguka zaidi wasipokodolewa macho. Mweleze jinsi mwili unavyojihami. Akijua kuwa moyo kumdunda si dalili ya kufa, hofu hupungua.

Pili, mfundishe kupumua. Avute pumzi polepole kwa pua akihesabu hadi 4, kisha aitoe kwa mdomo akihesabu hadi 6. Afanye hivyo kila jioni akiwa ametulia, ili siku ya kushikwa awe amekwisha kuzoea. Usingizi pia ni dawa, na kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku.

Tatu, usimfiche. Hapa ndipo wazazi wapole hukosea. Kijana akibaki nyumbani hupata nafuu leo, lakini kesho hofu huwa kubwa zaidi. Akiogopa kusema darasani, aanze kwa kumjibu rafiki mmoja, kisha asome mbele ya kikundi kidogo, halafu ainue mkono mara moja kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, chunguza kwanza. Kama kuna anayempiga au kumdhulumu, hofu hiyo ina sababu, na kinachopaswa kukomeshwa ni dhuluma. Simu ya watoto, nambari 116, haina malipo. Hali ikizidi, mwone mwalimu wa ushauri nasaha au umpeleke kijana hospitali, maana wasiwasi hutibika. Akitaja kutaka kufa, usimwache peke yake na usingoje kesho.

Jirani yangu hatimaye alimuuliza binti yake bila kufoka. Kumbe katika kidato cha kwanza alisimamishwa ubaoni akashindwa na hesabu, darasa zima likamcheka. Mama alienda shuleni, akazungumza na mwalimu wa ushauri nasaha, na msichana akaanza kusaidiwa hatua kwa hatua.

Mwaka huu, usiku wa kuamkia safari, tumbo lilimuuma tena. Mama hakufoka. Alichemsha chai, wakaketi jikoni wakapumua pamoja. Asubuhi msichana alilibeba sanduku lake mwenyewe hadi kituo cha matatu.