Datsun ya Safari yenye moyo wa Mark II: Hesabu haya kabla hujanunua injini

Na Mwandishi Wetu

KWA wapenzi wa mbio za magari wa rika la wazee wetu, Datsun 240Z haihitaji utangulizi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake, Hans Schüller, waliibuka washindi wa Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki wakiwa na gari hilo, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda. Akiwa na Lofty Drews alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana pointi za adhabu na Datsun nyingine ya Harry Källström.

Miaka zaidi ya 50 imepita na gari hilo bado linatafutwa. Wapo ndugu zetu wanaorudi nyumbani kutoka Marekani na Ulaya ambao wanatamani kurudi nalo. Wapo pia waliolikuta bandani kwa mzee, limeegeshwa juu ya matofali, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma ya usukani. Wengi wao wanawaza jambo moja: kuling'oa injini ya zamani na kupandikiza ya kisasa.

Wazo si baya. Tatizo ni kwamba wengi huanza na injini, ilhali injini ndiyo inayopaswa kuwa ya mwisho kununuliwa.

KWA NINI INJINI MPYA

240Z ilitoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 1969. Injini yake iitwayo L24 ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Kwa vipimo vya Marekani vya wakati ule ilitoa nguvu za farasi 151. Kwa gari lenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1,000, hizo zilikuwa nguvu za kutosha.

Adui wa injini hiyo huku kwetu ni kabureta zake. Gari likitoka Mombasa au Dar es Salaam, usawa wa bahari, likapanda hadi Nairobi au Kigali, hewa inakuwa nyepesi lakini kabureta inaendelea kumimina mafuta kama ilivyozoea. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi kuwa nyeusi na mafuta kuisha upesi. Injini yoyote isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, lakini ile yenye kontroli boksi angalau hurekebisha mchanganyiko yenyewe. Kwa mtu anayevuka mpaka mara kwa mara, hiyo peke yake ni sababu ya kufikiria mabadiliko.

Marekani wengi hupandikiza V8 ya Chevrolet aina ya LS, au RB25 ya Nissan Skyline. Katika ukanda wetu injini yenye akili zaidi kimfuko ni 1JZ-GE ya Toyota, ile iliyokuja na baadhi ya Mark II na Crown. Nayo ina silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa 2,491, na toleo lenye VVT-i hutoa karibu farasi 200. Boneti ya 240Z ilibuniwa kwa silinda sita za mstari, hivyo nafasi ipo. Muhimu zaidi, spea zake zinapatikana na mafundi wanaozijua ni wengi, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. V8 ya Marekani ikiharibika ukiwa Ngara au Kabale, utasubiri spea ije kwa ndege.

KUTU KWANZA

240Z haina chesisi ya kujitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, kwa hiyo kutu ikila sakafu, gari zima limepoteza uti wa mgongo. Sehemu za kukagua zinajulikana: chini ya betri, sakafu ya dereva na abiria, mihimili inayopita chini ya sakafu hiyo, vizingiti vya milango, na bodi iliyo nyuma ya mlango kabla ya tairi la nyuma. Chukua bisibisi na ugonge. Ikizama, usikubali maneno ya muuzaji kwamba ni rangi tu.

Bati la viraka linalochomelewa juu ya kutu bila kukata lililooza halisaidii kitu. Ukiweka injini ya farasi 200 juu ya mihimili iliyooza, gari litapinda pale linapoongeza mwendo. Fundi bodi anayekata, kupima na kuchomelea bati jipya ndiye mtu wa kwanza wa kulipwa, na mara nyingi ndiye atakayelipwa fedha nyingi kuliko wote.

Hata wenye gari lao walilionja hilo. Mwaka 1997 Nissan ya Marekani ilianzisha mpango wa kununua 240Z kuukuu, kuzifufua kitaalamu na kuziuza upya katika maduka yake. Gharama zikawa kubwa, na magari yaliyokamilika hayakufika 50. Ikiwa kampuni iliyolitengeneza ilishindwa kupata faida, mtu binafsi asijidanganye kwamba atafufua leo na kuuza kesho kwa faida nono.

BREKI KABLA YA MWENDO

Gari hili lilitoka na breki za diski mbele na za ngoma nyuma, za kutosha kwa nguvu zake za wakati ule tu. Hapa ipo habari njema kwa wafanyabiashara wa spea. Kalipa za mbele za Toyota Hilux ya 4x4 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zenye pistoni nne, hufungwa kwenye miguu ya mbele ya 240Z bila ukataji mkubwa. Wapenzi wa gari hili duniani wamezitumia kwa miaka mingi, na Hilux huku kwetu si mgeni.

Shokomzoba, bushi na mipira yote ya miguu nayo ibadilishwe. Mpira wa mwaka 1972 umekwisha hata kama gari halikutembea.

SASA INJINI

Mfanyabiashara atakuuzia nosi kati kutoka Japani au Sharjah: injini, giaboksi, waya na kontroli boksi vikiwa pamoja. Ni bora kuliko injini tupu, kwa sababu injini ya kisasa bila waya zake na kompyuta yake ni jiwe. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo yafuatayo:

Kwanza, ufunguo. Magari mengi ya miaka ya 2000 yana kinga ya wizi, na kontroli boksi haiwashi injini bila ufunguo wake. Nosi kati isiyo na ufunguo huleta gharama nyingine ya fundi umeme.

Pili, sampu. Injini za JZ zilitengenezwa na sampu za mikao tofauti kulingana na gari zilimofungwa. Ikigongana na mhimili wa mbele wa 240Z, itabidi sampu ibadilishwe au ikatwe na kuchomelewa upya, na bomba la kunyonya oili ndani yake lirekebishwe sawasawa. Bomba hilo likikosewa, injini itakosa oili kwenye kona na kufa.

Tatu, giaboksi. Nosi kati za Mark II mara nyingi huja na otomatiki. Anayetaka kupangua gia mwenyewe atafute giaboksi ya mkono inayoingiliana na JZ mapema, maana ni adimu na bei yake inaweza kukaribia ya injini. Kwa vyovyote vile, propela itakatwa kwa kipimo kipya na kubalansiwa. Isipobalansiwa itatetemesha gari na kuua giaboksi.

Nne, mafuta. Kabureta huhitaji msukumo mdogo, kama paundi tatu au nne. Nozeli za injini ya kisasa huhitaji zaidi ya 40. Pampu ya zamani haitoshi, na mabomba ya zamani hayafai kubeba msukumo huo. Weka pampu mpya, mabomba mapya, na njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Tangi lenyewe lioshwe, kwani kutu iliyolala humo miaka 30 itaziba nozeli ndani ya siku moja.

Tano, joto. Rejeta ya zamani isirudi. Kupanda Milima ya Usambara au barabara ya Kabale nyuma ya lori kwa mwendo wa konokono ndiko injini inakopimwa, si kwenye lami tambarare.

Sita, difu. Ile ya 240Z ni ndogo. Difu kubwa zaidi iliyotumika kwenye 280Z ndiyo watu wengi hubadilishia wakiongeza nguvu.

USIUZE CHUMA CHAKAVU

Injini ya L24 ikishatoka, kuna vijana watakaokuja na mizani kuinunua kama skrepa. Wakatalie. Mwezi Januari 2020, 240Z ya mwaka 1970 iliyohifadhiwa katika hali yake ya asili iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni nchini Marekani kwa dola 310,000. Hilo lilikuwa gari la pekee na si kila 240Z ina thamani hiyo, lakini somo liko wazi: wanunuzi wakubwa hulipia uasili.

Kwa hiyo fundi aelezwe mapema kwamba bodi haikatwi pasipo lazima. Mikono ya kushikia injini ifungwe kwa bolti penye matundu ya zamani inapowezekana. Injini ya zamani ipakwe oili, ifunikwe na kuhifadhiwa pamoja na kabureta zake. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi anaweza kurudisha gari lilivyokuwa.

MPAKANI HAKUNA FUNDI

Hapa ndipo gari lililokamilika linapoweza kukwama. Kadi ya gari, au logibuku kama wanavyoita Kenya na Uganda, inataja namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini bila kubadilisha kadi, unaendesha gari ambalo karatasi zake zinaeleza gari jingine. Polisi akifungua boneti Namanga, Rusumo au Mutukula na kukuta namba isiyolingana, wazo lake la kwanza ni wizi. Bima nayo, ikiwemo Kadi ya Njano ya COMESA, huandikwa kwa kufuata karatasi hizo hizo.

Dawa yake ni ndogo. Mnunuzi wa injini adai stakabadhi yenye namba ya injini pamoja na nakala ya hati ya forodha iliyoiingiza nchini. Namba hiyo ipigwe picha kabla injini haijapakwa rangi au kufungwa mahali isikoonekana. Kisha mabadiliko yapelekwe kwa mamlaka inayosajili magari, kama TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya au RRA kwa Rwanda, kadi mpya itoke kabla ya safari ya kwanza. Mfanyabiashara anayetoa stakabadhi kamili anastahili kuuza ghali kidogo. Anachouza ni injini inayoweza kuvuka mpaka.

Kwa anayerudi nyumbani na gari lake, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa gari moja la mtu anayehamisha makazi, iwapo amelimiliki na kulitumia nje kwa muda usiopungua miezi 12. Neno la kuangalia ni "kulitumia". Gari lililofunguliwa vipande na kujazwa kwenye kontena ni vigumu kulitetea kwamba lilikuwa likitumika. Ni busara kulileta likitembea na injini yake ya zamani, na upandikizaji ufanyike huku.

Hata hivyo, msamaha wa ushuru ni jambo moja na ruhusa ya umri ni jambo jingine. Kenya kwa kawaida haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na Uganda kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na kuendelea. Mwenye gari la kale apate jibu la maandishi kutoka forodha kabla halijapanda meli. Ndiyo maana lile lililoko bandani kwa mzee, lenye kadi ya zamani ya nchi husika, linaweza kuwa na thamani kuliko lililo zuri zaidi ng'ambo.

Usukani nao usisahaulike. 240Z nyingi ziliuzwa Marekani, na hizo usukani wake uko kushoto. Zinafaa Rwanda, Burundi na Congo, ambako magari hupita kulia, lakini Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Anayeishi Nairobi, Kampala au Dar es Salaam atafute lililotoka Japani au Uingereza.

Mpangilio basi ni huu: karatasi, kutu, breki, ndipo injini. Anayeanza na injini huishia na injini nzuri imelazwa juu ya tairi kuukuu uani, ikisubiri gari ambalo halijapata mifupa wala kadi. Anayefuata mpangilio atachelewa mwaka mmoja au miwili, lakini siku afisa wa mpakani atakapofungua boneti na kulinganisha namba na kadi, atamkuta hana la kuficha, na atapita.