Lile gari la wazi la ufukweni Nyasa: kweli aliliacha Mjerumani wa 1914?

Leo naweka kando siasa na bei ya kahawa, naandika kuhusu gari. Mwenye haraka zake ajue mapema kwamba habari yenyewe ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, ongeza muda kwanza.

Mwezi wa nane mwaka 2023 binamu yangu alinitumia picha. Volkswagen Beetle, ile ya mviringo kama kobe, imeegeshwa chini ya mwembe na haina paa kabisa. Chini ya picha dalali kaandika kwa herufi kubwa: GARI LA WAZI LA AFISA WA KIJERUMANI, LILIACHWA 1914, YAPO MAWILI TU DUNIANI. Bei milioni 18, maongezi yapo.

Binamu alikuwa ndiyo kwanza kauza kahawa. Alikuwa na milioni 7 mkononi na wenzake wawili wa kuchangia naye. Mpango wao ulikuwa kulinunua, kulifuta vumbi, kisha kuwauzia Wazungu wanaokusanya magari ya zamani. Ameshaota na nyumba ya kujenga. Nikamwambia ngoja kwanza, kaka, hela ya msimu mzima hiyo.

Msimcheke. Kwetu ukisema "Mjerumani kaacha" watu wanakaa kimya kusikiliza, na wana sababu. Pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe kubwa linalofanana na sanamu ya Misri, vita kweli ilifika. Meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea upande wa Nyasaland (Malawi ya leo) ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita imeanza! Inasimuliwa kwamba alipiga makasia akamfuata Mwingereza, nahodha Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, kumuuliza kama amelewa. Sasa mtoto aliyekua anasikia hayo, ukimwambia kuna gari la afisa limebaki, atashindwaje kuamini? Ndiyo maana watu wanachimba mashimo usiku kutafuta mali za Mjerumani, na ndiyo maana matapeli wanapenda sana neno hilo.

Na magari yalikuwepo enzi hizo, hilo nalo ni kweli. Mwaka 1907 Mjerumani mmoja aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari aina ya Gaggenau, akavuka Afrika mpaka Swakopmund, Namibia ya leo, akafika mwaka 1909. Karibu miaka miwili njiani. Kwa hiyo kusema "gari la Mjerumani wa zamani" siyo kichekesho.

Kichekesho ni kusema Volkswagen ya 1914. Kiwanda cha Volkswagen kiliwekewa jiwe la msingi mwaka 1938. Beetle za kuuzwa kwa raia wa kawaida zilianza kutoka kwa wingi baada ya vita ya pili, kuanzia mwisho wa mwaka 1945, tena kiwanda kikiwa chini ya usimamizi wa Waingereza. Wajerumani hapa kwetu walishamaliza kazi, maana jeshi la Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini Novemba 1918. Huyo afisa angeliachaje gari ambalo aliyelibuni bado hajalichora?

Binamu akanijibu vizuri, lazima nikiri. Akasema sawa, mwaka wamekosea, lakini gari la wazi si ni adimu? Beetle zote alizowahi kuona zina paa.

Hapo ana hoja. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka Mexico mwaka 2003, na karibu zote zina paa la bati. Za wazi zilipelekwa kutengenezwa kwa mafundi wa bodi wa nje ya kiwanda. Wa kwanza ni Hebmüller, ambao mwaka 1949 walianza kutoa ya watu wawili. Mwaka huohuo kiwanda chao kikaungua moto, biashara ikafa taratibu, zikawa zimetoka karibu 700 tu. Hizo ndizo Wazungu wanazipigania kwenye minada. Wa pili ni Karmann wa mji wa Osnabrück. Wao walitengeneza ya watu wanne kuanzia 1949 hadi 1980, zaidi ya 330,000. Siyo chache, ila hata hiyo ina thamani kubwa kuliko ya kawaida.

Na kuna aina ya tatu, ambayo mitandaoni haiandikwi sana: gari la kawaida lililokatwa paa na fundi wa mtaani. Hilo thamani yake kwa mkusanyaji ni ndogo kuliko lisilokatwa, maana limeshaharibiwa.

Kwa hiyo swali likawa moja tu. Hili la kwetu ni la nani kati ya hao watatu? Tukapanda gari Mbinga asubuhi, tukateremka mpaka Mbamba Bay. Siku hizi lami imefika, kona zile za milimani unazipita huku unachati. Wenye kumbukumbu ya barabara ya zamani wanajua nazungumzia nini. Kutoka Mbamba Bay tukachukua bodaboda kuelekea kijijini. Jina la kijiji naliacha.

Dalali hakuwepo, nasi hatukumwambia tunakuja. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane. Tukamwamkia shikamoo, akatujibu marahaba wajukuu zangu, akatukaribisha samaki. Tukamwomba tuliangalie gari. "Liangalieni tu," akasema, "kuku wangu tu msiwakanyage." Kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma.

Sasa wadau, hapa someni taratibu, maana siku moja itawafaa.

Nilianza na milango. Beetle ya wazi ya kiwandani vioo vyake vya mlango havina fremu juu, ukivishusha hakibaki kitu. Na vile vioo vidogo vya nyuma navyo vinashuka kwa kuzungusha mkono. Hii ya bibi fremu za milango zilikuwa zimesimama juu kama masikio ya punda, na nyuma hapakuwa na kitu cha kuzungusha.

Nikaenda nyuma kwenye injini. Beetle injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa, haina rejeta, kwa hiyo lazima ivute hewa mahali fulani. Kwenye ile ya kawaida kuna matundu marefu chini ya kioo cha nyuma. Kwenye ya Karmann paa likikunjwa linalala palepale, kwa hiyo matundu walihamishia kwenye mfuniko wa injini. Ya bibi? Matundu yapo chini ya mahali kioo kilipokuwa, na mfuniko ni mzima hauna hata tundu. (Beetle za miaka ya 1970 zenye paa nazo nyingine zina matundu kwenye mfuniko, kwa hiyo alama hii peke yake isikudanganye.)

Mpaka hapo binamu ameshaanza kunyamaza. Lakini milango inabadilishwa na mifuniko inabadilishwa. Kisichobadilishwa kirahisi ni namba ya chesisi. Kwenye Beetle imegongwa kwenye ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya gari, chini ya kiti cha nyuma. Tukawaomba radhi kuku, tukanyanyua kiti, tukakwangua udongo, nikapaka chaki na kufuta juu juu. Chaki ikabaki kwenye mashimo ya namba, ikasomeka nyeupee.

Zilianza na 117. Kuanzia modeli ya mwaka 1965, tarakimu mbili za kwanza zinakwambia gari lilizaliwa aina gani na ya tatu inakwambia mwaka wa modeli. 11 ni ya kawaida yenye paa la bati. Ya wazi ya Karmann ingeanza na 15. Ile 7 ni modeli ya 1967, ambazo zilianza kutoka kiwandani Agosti 1966. Mwenye namba kamili anaweza hata kuandikia taasisi ya makumbusho ya magari ya Volkswagen kule Wolfsburg, akalipia, wakampa cheti cha kuzaliwa cha gari lake. Sisi hatukuhitaji. Gari la bibi lilitoka kiwandani na paa.

Binamu alikaa chini ya mwembe. Nikamuuliza bibi, samahani bibi, hili gari mlilipata wapi, maana kuna mtu anasema ni la afisa wa Kijerumani wa vita.

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Marehemu mume wake alilinunua mwaka 1974 kwa mmisionari Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Basi! Mjerumani yupo, ila ni wa rozari, siyo wa bunduki. Mzee akalifanyia biashara ya usipa, anapandisha samaki Mbinga, anashuka na maharage. Mwaka 1981 likapinduka kwenye kona za mlimani. Yeye alitoka mzima, paa likawa chapati. Fundi wa Mbinga ndiye aliyelikata.

Kisha bibi akatuuliza, na huyo dalali kawaambia bei gani? Tukatazamana. Nikamwambia milioni 18. Bibi akanyamaza kabisa, hakucheka tena. Yeye alikubaliana na dalali milioni moja na nusu, anunue bati za kuezekea jikoni. Mambo ya 1914 hakuwahi kuyasikia. Kumbe wa kutapeliwa walikuwa wawili, binamu yangu na bibi, kila mmoja upande wake.

Hakuliuza. Alisema huyo mtu akija atamwonyesha njia ya kurudi alikotoka. Binamu akarudi na milioni zake 7, na njia nzima hakuniongelesha, kana kwamba mimi ndiye niliyelikata paa.

Kwangu mimi habari haikuishia hapo, maana kuna kitu nilikiona nilipoinama chini ya lile gari. Chini ya milango, kila upande, palichomelewa bomba la maji kutoka mbele mpaka nyuma. Nene. Na ndani yake hakuna kinachopita.

Ukilitazama gari lenye paa, unadhani paa ni la kuzuia mvua tu. Kumbe linashika bodi isipinde. Chukua boksi la viatu lenye mfuniko uliobana, likunje, linakataa. Toa mfuniko, linajikunja lenyewe. Gari nalo hivyohivyo: ukikata paa, katikati panazama, milango inabanwa, na kwenye barabara ya makorongo bodi inajinyonga. Karmann walilijua hilo, ndiyo maana gari zao wanazichomelea vyuma vya nguvu chini ya milango pande zote mbili. Alama hiyo nayo ukiikuta kwa mpangilio wa kiwandani ni ushahidi. Lakini hapa ni bomba la maji. Nani alimfundisha fundi wa Mbinga mwaka 1981?

Tulimpata. Gereji alishaacha, anakaa barazani kwake na redio. Nilipomwonyesha picha akalitambua gari hapohapo, akaliita kwa jina la mwenyewe.

Akasema paa lilivyokuwa limebonyea hakukuwa na jinsi ya kulinyoosha, na paa lingine angelipata wapi. Akakata kwa msumeno wa chuma siku nzima, akasawazisha kingo, akamkabidhi mzee gari lake likiwa limependeza. Kesho yake mzee akarudi anafoka. Amepakia magunia mawili ya maharage, milango haifunguki! Ametoka kwa kuruka juu kama mbuzi. Fundi akapakua mzigo, milango ikafunguka. Akapakia, ikagoma. Akakaa na lile gari siku tatu, analinyanyua kwa jeki katikati, analishusha, anatazama nafasi ya mlango inavyofunguka na kufumba. Mwisho akalinyanyua mpaka milango ikakaa sawa, akalichomelea mabomba likiwa hivyohivyo juu ya jeki. Liliposhuka halikuzama tena. Likabeba usipa miaka mingine kumi na kitu.

Nikafungua simu, nikamwonyesha mchoro wa zile Karmann kwa chini. Alivaa miwani, akasogeza simu karibu, akaifuata ile mihimili kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma. Hakusema kitu kwa muda.

"Hawa," akauliza, "walichomelea kabla ya paa kuondoka, au baada?"

Kabla, mzee.

"Ahaa. Basi hao hawakufokewa na mwenye gari."